Njia mbili bila kuwa fisi: mwongozo wa uzamivu mtambuka wa uhandisi

Mama mmoja wa Ngarenanyuki, upande wa pili wa Mlima Meru ukitokea Arusha mjini, alinivurugia utafiti kwa sentensi moja. Nilikuwa nimemfungia chujio la mkaa wa mifupa jikoni kwake. Maji ya kule yana floraidi nyingi, madini ambayo yakizidi huharibu meno na mifupa, na chujio lilikuwa linaishusha hadi chini ya miligramu 1.5 kwa lita, kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani. Mimi hapo naandika namba zangu, najiona nimemaliza kazi. Akapuliza moto, akanitazama, akasema: “Maji yako tunayanywa, mwanangu. Ila makande bila magadi hayaivi.”

Magadi mengi yanayotumika kulainishia maharage na mahindi kaskazini mwa Tanzania yana floraidi ndani yake. Nilichokuwa nakitoa kwenye ndoo kilikuwa kinarudi kwenye sufuria, na andiko langu la utafiti wa uhandisi wa maji halikuwa na neno hata moja kuhusu sufuria. Siku hiyo ndipo nilipoanza, kwa kuchelewa, kufanya utafiti mtambuka.

Mwongozo huu ni wa mtu mwenye shahada ya uzamili ya uhandisi, au ya sayansi inayopakana nayo, anayetaka kufanya uzamivu (PhD) mtambuka, yaani unaoingia kwenye fani ya pili: afya, uchumi, sosholojia, kilimo, hata sheria. Mifano yangu mingi itakuwa ya maji, kwa sababu ndiko jua lilikonipigia. Anayeunganisha umeme wa jua na biashara za vijijini, au kompyuta na tiba, abadilishe majina tu. Mitego ni ile ile.

Njia mbili zilimshinda fisi, tunaambiwa, na watu humcheka kwa tamaa yake. Mimi naona kosa lake lilikuwa jingine. Hakuamua mapema ni njia ipi iliyokuwa inaelekea kwake.

Hatua ya 1: Lipime swali kabla hujalipenda

Andika swali lako kwa sentensi moja. Lipeleke kwa mtu aliyebobea kwenye uhandisi peke yake, umuulize kama anaweza kulijibu hadi mwisho bila kumwita mtu wa fani nyingine. Akisema anaweza, na akakueleza atakavyofanya, fanya uzamivu wa kawaida. Utamaliza mapema na hakuna atakayekuuliza wewe ni nani hasa.

“Mkaa wa mifupa uliochomwa kwa nyuzi joto 450 unashika floraidi kiasi gani?” Hilo ni swali la maabara, mhandisi wa kemikali analimudu. “Kwa nini familia iliyopewa chujio linalofanya kazi inaliacha baada ya miezi michache?” Hapo maabara inanyamaza. Huenda mifupa haikuungua sawasawa, maji yakatoka na harufu. Huenda Mwislamu anauliza kama humo hamna mfupa wa nguruwe, na jirani yake Mhindu anauliza habari za ng'ombe. Huenda mkaa umechoka siku nyingi na hakuna aliyejua, maana floraidi kwenye maji huioni, huinusi, wala huionji. Teknolojia yenyewe si ngeni. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, karibu na Arusha, kimehangaika na mkaa wa mifupa kwa miaka mingi. Dayosisi Katoliki ya Nakuru nchini Kenya imeutengeneza na kuusambaza. India walikuja na njia ya Nalgonda, ya shabu na chokaa. Kemia ipo. Kinachokosekana kiko jikoni, sokoni na kwenye kamati ya maji ya kijiji.

Kipimo cha pili ni kikali zaidi. Iondoe fani ya pili kichwani mwako. Je, tasnifu inaanguka, au inapoteza pambo tu? Nimesoma tasnifu kadhaa za uhandisi zenye sura ya “masuala ya kijamii” iliyoning'inizwa mwishoni: hojaji 30, chati mbili za duara, na pendekezo kwamba jamii ielimishwe. Hiyo ni kazi ya uhandisi iliyovaa kanga ya kuazima, na mtahini huiona kanga hiyo kabla hajakaa kitini.

Hatua ya 2: Anzia kwa watahini, urudi nyuma

Hili ndilo ninalolishikilia kuliko yote, na hakuna aliyenieleza.

Kwa mfumo wa tasnifu tulioufuata Tanzania na Kenya, kama Uingereza, mwisho wa safari ni watu wachache wanaosoma kazi yako na kukuhoji, na angalau mmoja wao anatoka nje ya chuo chako. Ukiwa kwenye fani moja, maswali yao unayajua tangu ukiwa uzamili. Ukivuka mipaka, kila mmoja anakuja na mzani wake. Mhandisi atauliza: iko wapi hesabu mpya, kiko wapi kifaa kipya? Daktari wa meno atauliza walioangalia vinywa vya watoto walikuwa wangapi, na walikubaliana kwa kiasi gani. Mwanasosholojia atataka nadharia. Wakija wote watatu, na kila mmoja akategemea tasnifu nzima ya fani yake, huna pa kutokea.

Kwa hiyo, kabla ya ukurasa wa kwanza wa andiko, orodhesha watu watano unaoona wangeweza kuitahini kazi hii. Watu halisi, ambao makala zao umezisoma. Usiwaandikie: watahini huteuliwa na chuo, na kuzoeana nao kunaweza kukuharibia. Orodha ni ya kukupima wewe. Kama huwapati hata wawili wanaoelewa pande zote mbili, swali lako limekaa mahali pasipo hakimu. Lisogeze kidogo kuelekea upande mmoja, hata kama linapoteza uzuri wake. Mimi langu nililisogeza mwaka wa tatu. Ingekuwa wiki ya tatu, ningekuwa nimeokoa nauli nyingi sana za kwenda Ngarenanyuki.

Hatua ya 3: Chagua nyumba

Cheti kitaandikwa jina moja. Amua mapema litakuwa la fani gani, kwa sababu mwajiri hasomi tasnifu, anasoma cheti. Vyuo vya umma vya Tanzania vinapoajiri mhadhiri msaidizi hutaka wastani wa alama (GPA) wa 3.8 kwa shahada ya kwanza na 4.0 kwa uzamili, na vinaangalia pia kama shahada zako zinafuatana. Mtu mwenye shahada ya kwanza ya uhandisi wa ujenzi, uzamili wa maji na uzamivu wa “maendeleo endelevu” anaweza kujikuta idara tatu zinamsifu na hakuna hata moja inayomchukua.

Ushauri wangu: jina la shahada libaki uhandisi, swali ndilo litoke nje. Wa kwenda kinyume na hili ni yule ambaye tayari ana kazi serikalini au kwenye shirika na anajua wazi kwamba anachotafuta ni sera. Huyo afuate sera bila woga.

Hatua ya 4: Wasimamizi

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Nilikuwa na wawili: profesa wa uhandisi wa maji na daktari bingwa wa meno. Wote wema, wote wana majina. Kwa miaka miwili hawakuwahi kukaa chumba kimoja. Mimi ndiye nilikuwa nabeba maneno ya huyu kwenda kwa yule, na kama mbeba maneno yeyote, nilikuwa napunguza yale makali. Mwaka wa tatu mmoja akaniambia sura ya meno iondoke, haina uhandisi. Mwenzake akasema sura ya meno ndiyo tasnifu, mabomba yapunguzwe. Niliandika matoleo mawili ya tasnifu moja. Miezi minane ikaenda. Chuo hakikuwa na utaratibu wa nani ana neno la mwisho, na mimi sikuwa na ujasiri wa kuuliza.

Fanya hivi. Msimamizi mkuu awe wa ile fani uliyoiita nyumbani. Wa pili awe wa fani ya pili, na awe mtu anayetaka kitu kutoka kwenye utafiti wako: data, makala, mradi. Msimamizi asiyepata chochote atakusahau ifikapo mwaka wa pili, na huwezi kumlaumu. Wa tatu mkubali kama ana maabara au eneo la utafiti usilolipata kwingine. Wa nne mkatae kwa heshima zote. Kila msimamizi anayeongezeka anaongeza miezi.

Unapomwendea usiyemjua, andika kwa ufupi. Soma makala zake mbili kwanza. Kitu kama hiki kinatosha:

“Profesa, shikamoo. Mimi ni mhandisi wa maji, nina uzamili. Nachunguza kwa nini kaya zenye machujio ya floraidi bado zinapata floraidi nyingi, na naona sehemu ya jibu iko kwenye chakula. Makala yako kuhusu magadi imenionyesha kwamba sina ujuzi wa upande huo. Naomba dakika 20 zako nikueleze swali langu. Sijaja kuomba usimamizi bado.”

Sentensi ya mwisho ina kazi yake. Mtu anayeombwa dakika 20 hutoa. Anayeombwa miaka minne kwenye barua ya kwanza hujifanya hajaiona.

Wakishakubali, waombe mkutano wa pamoja kabla ya usajili, hata kwa video, na uandike ukurasa mmoja wa makubaliano. Uwe na haya: nani anasoma sura ipi kwanza, rasimu inarudi baada ya siku ngapi, wakitofautiana, nani anaamua, na kwenye makala, majina yanapangwaje. Hilo la majina ongea nalo mapema, wakati bado hakuna makala. Kwenye baadhi ya fani jina la mwisho ndilo la mkubwa, kwenye nyingine majina yanafuata kiasi cha kazi, na kuna wanaofuata alfabeti. Watu wazima wenye mvi hununiana miaka kwa jambo hili.

Baada ya hapo, kila miezi mitatu wakutane wote pamoja na wewe. Muhtasari uandike wewe, utume siku hiyo hiyo. Muhtasari ndio utakaokulinda mmoja wao akisahau alichosema Machi.

Hatua ya 5: Chuo

Kuna vyuo vilivyojengwa vikiwa mtambuka tangu msingi. Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, pale Tengeru, Arusha, ilijengwa kwa ajili ya uzamili na uzamivu. Ilianza kupokea wanafunzi mwaka 2011, na maji, nishati, mazingira na sayansi ya mada (materials science) vimewekwa kwenye skuli moja. Ndiko alikokuwa akifundisha Askwar Hilonga, mhandisi wa kemikali aliyepata tuzo ya kwanza ya Afrika ya ubunifu wa uhandisi kutoka Royal Academy of Engineering ya Uingereza mwaka 2015, kwa chujio linalorekebishwa kulingana na uchafu wa maji ya mahali lilipo. Kwenye chuo cha aina hii hutagombana na mtu kuhusu jina la fani. Hatari yake ni kwamba fani ya kijamii au ya tiba inaweza kuwa na watu wachache, ukalazimika kumtafuta msimamizi wa pili nje.

Kisha kuna vyuo vikubwa vya fani nyingi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kimekuwa kikifundisha uhandisi tangu 1973; Nairobi na Makerere nao wana uhandisi, tiba na sayansi za jamii chini ya jina moja. Kila kitu kipo, lakini kila kitu kina ukuta wake, na daraja utalijenga mwenyewe. Muulize mkurugenzi wa masomo ya uzamili swali moja tu: je, kanuni zinaruhusu msimamizi kutoka ndaki (kitivo) nyingine, na je, ilishawahi kufanyika? Jibu la nusu ya pili ndilo la maana.

Nje ya nchi, Carnegie Mellon ya Marekani ina idara nzima ya uhandisi na sera za umma, na wanafunzi wake wa uzamivu ni wahandisi wanaojifunza uchumi na takwimu za maamuzi kwa uzito ule ule. Berkeley ina uhandisi wa maendeleo, ambao mwanafunzi wa uzamivu anauongeza juu ya shahada ya idara yake. Nyumba inabaki ile ile. Marekani utasoma madarasa na kufanya mtihani wa kufuzu kabla ya utafiti wenyewe, na kwa mtu wa mtambuka hilo ni jema: unafundishwa fani ya pili darasani badala ya kuiokota njiani. Uholanzi na Sweden ni habari nyingine. Uzamivu kule kwa kawaida ni ajira yenye mshahara, na nafasi hutangazwa kama kazi, mara nyingi swali likiwa limeshapangwa na mwenye mradi. Nzuri kwa mfuko. Kwa mwenye swali lake mwenyewe, si nzuri sana.

Kama swali lako limetoka kwenye ardhi ya nyumbani, mimi ningesajiliwa nyumbani na kutoka kwa muda kwenda kutumia maabara.

Hatua ya 6: Fedha

RSIF, mfuko wa kikanda wa ufadhili na ubunifu ambao umekuwa ukisimamiwa na icipe, kituo cha utafiti wa wadudu jijini Nairobi, hutoa ufadhili wa uzamivu pamoja na ruzuku za utafiti. Mwanafunzi anasajiliwa chuo cha Afrika na kupelekwa kwa muda kwenye taasisi mshirika ya kimataifa. Nishati, madini na sayansi ya mada, kompyuta, usalama wa chakula na mabadiliko ya tabianchi ni kati ya maeneo yake. DAAD, shirika la Ujerumani la ubadilishanaji wa wanataaluma, ina ufadhili wa kusomea ndani ya nchi au ndani ya kanda; angalia sana sharti la umri wa shahada, maana wanataka iliyopita isizidi miaka sita. Umoja wa Afrika una chuo chake cha sayansi ya msingi, teknolojia na ubunifu ndani ya Chuo Kikuu cha Kilimo na Teknolojia cha Jomo Kenyatta (JKUAT), Juja, Kenya, kinachotoa ufadhili kwa Waafrika wa nchi mbalimbali. Jumuiya ya Madola ina nafasi za uzamivu Uingereza.

Soma maeneo ya kipaumbele ya mfadhili kabla ya kujaza chochote, kisha uandike ombi kwa lugha ya eneo moja tu. Waamuzi wa ufadhili nao wana mizani. Ombi linalojaribu kuwa la afya na la nishati na la jinsia kwa pamoja husomwa na mtu wa afya anayeona afya ni chache, halafu na mtu wa nishati anayeona nishati ni chache.

Bajeti ya mtambuka si bajeti ya kawaida. Mhandisi hukumbuka vifaa na kemikali, anasahau binadamu. Weka posho ya wasaidizi wa kuhoji kaya, mafunzo yao ya siku mbili, chakula cha mchana, nauli ya pikipiki kutoka lami hadi kijijini, tafsiri ya hojaji kama wazee wa pale wanaongea Kimeru zaidi ya Kiswahili, ada ya kamati ya maadili, na ada za uchapishaji. Kisha weka kazi ya uwandani mara mbili. Utarudi. Kila mtu hurudi.

Hatua ya 7: Andiko

Malengo mahususi matatu, si sita. Mbele ya kila lengo andika mbinu na fani itakayolihukumu. Mfano: kupima floraidi yote inayoingia kinywani, kwenye maji, magadi, chakula na chai (majani ya chai nayo yanayo), kwa elektrodi ya ioni, hilo ni la kemia. Kufuatilia matumizi ya chujio nyumbani kwa mwaka mzima. Hilo ni la sayansi ya jamii. Kusanifu chujio upya kutokana na majibu ya hayo mawili. Hilo ni la uhandisi, na ndilo la nyumbani. Lengo la tatu lisipokula matokeo ya yale mawili ya kwanza, una tasnifu tatu fupi ndani ya jalada moja.

Mpe mtu wa fani ya pili andiko kabla ya kuliwasilisha, umwambie atafute ujinga wako. Kwenye rasimu yangu ya kwanza niliandika kwamba nitaangalia meno ya watoto kabla ya chujio na tena baada ya miaka miwili, nione nafuu. Daktari wa meno alicheka mpaka akavua miwani. Kasoro inayoleta madoa ya kahawia ya floraidi huingia wakati jino la kudumu linatengenezwa ndani ya fizi, mtoto akiwa mdogo. Jino unaloliona leo kwa mtoto wa miaka tisa linakusimulia maji ya miaka kadhaa iliyopita. Daraja zake kwenye kipimo cha Thylstrup na Fejerskov, kuanzia 0 hadi 9, zingebaki palepale hata ningemnywesha maji ya mvua. “Ukitaka floraidi ya leo,” akasema, “pima mkojo.” Dakika tano za mazungumzo ziliniokoa na miaka miwili ya kupima kitu kisichoweza kubadilika.

Hatua ya 8: Vibali

Anza siku ile ile andiko linapopitishwa. Mhandisi aliyezoea kuchota maji mtoni hajui kwamba mkojo wa mtoto ni jambo jingine kabisa: unahitaji idhini ya maadili kutoka kamati ya chuo au NIMR (Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu), ridhaa ya mzazi kwa maandishi, na kukubali kwa mtoto mwenyewe. Kisha barua ya chuo inaanza safari yake: katibu tawala wa mkoa, wa wilaya, mkurugenzi wa halmashauri, mtendaji wa kata, mtendaji wa kijiji. Kila ofisi inaongeza barua yake. Kenya utapitia NACOSTI, tume yao ya taifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu, na kaunti baada ya hapo. Anayetoka nje kuja kufanya utafiti Tanzania anahitaji kibali cha COSTECH, Tume ya Sayansi na Teknolojia.

Tembea na nakala tano za kila barua, na ukifika kijijini anza kwa mwenyekiti na balozi wa nyumba kumi hata kama barua haiwataji.

Hatua ya 9: Jifunze lugha ya jirani

Mwaka wa kwanza kaa kwenye darasa la uzamili la fani ya pili, muhula mzima, na ufanye mazoezi yao. Kusoma peke yako hakutoshi, kwa sababu maneno yanadanganya. “Sampuli” kwangu ilikuwa chupa ya nusu lita yenye lebo. Kwa mwenzangu wa sosholojia ilikuwa kaya 200 na namna zilivyochaguliwa. Tulifanya kikao kizima tukikubaliana kwamba sampuli ni chache, kila mtu akiwa na sampuli yake. Neno “modeli” nalo kwa mhandisi ni milinganyo, kwa mtu wa afya ya jamii linaweza kuwa mchoro wa visanduku na mishale, na kila upande humwona mwenzake hana modeli.

Tengeneza daftari la maneno ya aina hiyo. Langu lilifika kurasa 11 na likaishia kuwa sehemu iliyosomwa zaidi ya sura yangu ya mbinu.

Hatua ya 10: Makala

Mwongozo wa Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu ya Kenya wa mwaka 2014 ulitaka mwanafunzi wa uzamivu awe na makala mbili kwenye majarida yanayohakikiwa. Vyuo vya Tanzania vina masharti yao, yasome kwenye kanuni za mwaka uliosajiliwa. Makala ya kwanza ipeleke kwenye jarida la fani ya nyumbani. Inakupa kitambulisho. Ya pili ndiyo iende kwenye jarida mtambuka au la fani ya pili, na msimamizi wa upande huo aiongoze. Jarida linalokupa jibu la kukubaliwa ndani ya siku tatu na namba ya akaunti, achana nalo.

Hatua ya 11: Utetezi na yanayofuata

Ukurasa wa kwanza baada ya ikisiri, weka jedwali dogo: swali, fani, mbinu, kigezo cha kuhukumu, sura inapopatikana. Mtahini wa kila upande apate njia yake bila kupotea kwa mwenzake. Swali likija la fani usiyoimiliki, usijifanye. Sema ulifuata utaratibu wa nani, nani alikukagua, na mpaka wako uko wapi. Mimi niliulizwa kuhusu makubaliano kati ya waliopima meno. Nilikuwa na namba, nikaitaja, nikasema wazi kwamba tafsiri yake niliithibitisha kwa msimamizi wa pili. Tukaendelea. Lililonitoa jasho lilitoka kwa mhandisi mwenzangu, kuhusu kasi ya maji kwenye chujio, ambayo nilidhani naijua usingizini.

Masahihisho yapange kwa jedwali: alichosema mtahini, ulichobadilisha, ukurasa. Watahini wawili wakidai vitu vinavyopingana, usichague mwenyewe. Mpelekee mwenyekiti wa jopo, aandike ni lipi lifuatwe.

Baada ya hapo rudi kijijini na matokeo, kwenye karatasi mbili kubwa zenye picha, ukiwa umemwomba mtendaji nafasi kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Weka nauli ya safari hiyo kwenye bajeti ya hatua ya 6. Mimi nilipokwenda, yule mama wa makande alikaa mstari wa mbele, akasikiliza hadi mwisho, akanyoosha mkono kuuliza: mkaa ukichoka na wewe umeshaondoka, tunaununua wapi? Sikuwa na sura hiyo. Nimeanza kuiandikia andiko jipya, na msimamizi wa zamani wa meno anasema safari hii tutafute mtu wa biashara.